Miaka mitatu katika kamati ya usalama wa mtaa, Nakuru: tathmini ya mjumbe

Tangu muhula wangu ulipomalizika, majirani kadhaa wameniuliza iwapo inafaa mtu mwenye shughuli zake kukubali kuketi katika kamati ya usalama wa mtaa, yaani ile kamati ya polisi jamii inayowakutanisha wakazi na maafisa wa polisi ili washauriane kuhusu uhalifu na namna ya kuuzuia. Nimehudumu kwa miaka mitatu katika mtaa mmoja wa jiji la Nakuru, miwili kati ya hiyo nikiwa katibu, na ninaitathmini huduma hii kama mtu anavyotathmini kitu chochote alichokilipia, kwa maana nimekilipia kwa muda wangu, kwa nauli yangu na mara nyingine kwa usingizi wangu. Sitautaja mtaa wetu wala kituo chetu cha polisi, kwa kuwa baadhi ya mambo nitakayoyasimulia yanawahusu watu ambao bado wanaishi pale. Nikiulizwa nyota, naipa tatu kati ya tano. Mwaka wa kwanza ningeipa moja, na mwaka wa tatu ningeipa nne. Kilicholeta tofauti hiyo ndicho ninachotaka kukieleza.

Kwanza ni vyema kuondoa mkanganyiko, kwa sababu wengi huchanganya mambo matatu. Nyumba Kumi ni mpango uliosukumwa na serikali mwaka wa 2013, baada ya shambulio la Westgate jijini Nairobi, kwa kuiga mabalozi wa nyumba kumi wa Tanzania, na lengo lake ni majirani kufahamiana. Mamlaka ya Polisi ya Kaunti ni chombo cha ngazi ya juu kilichowekwa na kifungu cha 41 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka wa 2011, kikiongozwa na gavana au mtu aliyeteuliwa naye, na ndani yake sheria inataka wawepo wakazi kutoka makundi kama ya wafanyabiashara, wanawake, vijana, mashirika ya dini na watu wenye mahitaji maalum. Katikati ya ngazi hizo mbili ndipo inapokaa kamati ninayoizungumzia, ile inayokutana na mkuu wa kituo ana kwa ana. Msingi wake umo katika sheria hiyohiyo, na zaidi ya hapo umo katika Kifungu cha 244 cha Katiba, kinachoitaka Huduma ya Polisi ikuze uhusiano wake na jamii pana. Naeleza haya kwa sababu mjumbe asiyeyajua huketi mkutanoni kama mgeni aliyekaribishwa kwa hisani, ilhali sheria inamtambua.

Niliingia mapema mwaka wa 2022, wiki chache baada ya Nakuru kupewa hati ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Chifu aliitisha baraza, akatangaza nafasi, na wakazi wakapendekeza majina hadharani. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na nadhani nilipendekezwa kwa sababu wengi wa waliokuwapo walikuwa wamepitia darasani mwangu au watoto wao walipitia. Tulitakiwa kuleta cheti cha tabia njema, ambacho kilinigharimu shilingi 1,050. Hakuna mshahara, hakuna posho, na simu unapiga kwa pesa zako. Anayetarajia kitu mfukoni asisumbuke, na tena, kama nitakavyoeleza, asiruhusiwe.

Mikutano ya mwaka wa kwanza ilinivunja moyo. Tulikuwa wajumbe kumi na watatu, tukikutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi katika ukumbi wa kanisa, na kila mkutano ulienda hivi: mwenyekiti anafungua kwa sala, mkuu wa kituo anahutubia, wajumbe wanalalamika mmoja baada ya mwingine, mkuu wa kituo anajibu kwamba jambo hilo litashughulikiwa, tunaondoka. Mwezi unaofuata tunalalamika yaleyale kwa maneno yaleyale. Kumbukumbu za mikutano ziliandikwa kwa uaminifu na kuwekwa katika faili ambalo hakuna aliyelifungua tena. Kama mtu angenitaka maoni wakati huo, ningemwambia abaki nyumbani na wajukuu wake.

Nilipochaguliwa kuwa katibu nilinunua daftari kubwa la karatasi ngumu na kuchora safu nne: hoja iliyotolewa, anayehusika kuijibu, tarehe ya kurejea, na jibu. Niliomba mwenyekiti akubali kwamba kila mkutano uanze kwa kusoma daftari hilo kabla ya hotuba yoyote. Jambo lenyewe ni dogo, lakini ndilo lililoibadilisha kamati. Afisa anayejua kwamba ahadi yake ya mwezi uliopita itasomwa mbele ya watu, kwa jina la cheo chake na tarehe, huja na jibu. Na hata jibu likiwa kwamba gari halina mafuta, hilo nalo ni jibu ambalo wakazi wanaweza kulifanyia kazi. Wajumbe nao waliacha kusema mambo ya jumla. Aliyezoea kusema kwamba wizi umezidi alianza kuulizwa ni wapi, saa ngapi, na ni nani alishuhudia, kwa sababu safu ya kwanza haikuwa na nafasi ya kuandika hasira.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa njia ya miguu inayotoka mtaani kwetu hadi barabarani penye steji. Ni njia ya mita mia nne hivi, inayopita kando ya mtaro na ua wa michongoma, na katikati yake imesimama mulika mwizi, ile taa kubwa ya mlingoti mrefu, ambayo kwa muda mrefu haikuwaka. Tulipolileta suala hilo, mkuu wa kituo alifungua takwimu zake na kutuonyesha, bila nia mbaya, kwamba katika miezi sita kulikuwa na malalamiko mawili tu yaliyoandikishwa kutoka njia hiyo, na kwamba askari wa doria hupita pale saa tatu na saa tano za usiku. Kwa kitabu cha matukio, njia ile ilikuwa salama.

Mjumbe aliyelikataa jawabu hilo alikuwa mama mmoja muuza mboga, ambaye kabla ya siku hiyo sikumbuki kama aliwahi kusema zaidi ya sentensi mbili. Alieleza kwamba wanawake wanaokwenda Soko la Wakulima kununua bidhaa hupita pale kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na mbili alfajiri, wakiwa wamefunga pesa za mtaji wao wote kiunoni, na kwamba wanaibiwa wakati huo. Hawaandikishi kwa sababu aliyeibiwa alfajiri hukimbilia kukopa pesa nyingine ili awahi soko kabla bei haijapanda, na kwenda kituoni kungemla asubuhi nzima. Alisema, na maneno yake niliyaandika kama alivyoyatamka, “Afande, sisi hatuji kwenu kwa sababu tunachelewa sokoni, si kwa sababu hatuibiwi.” Katika wiki mbili zilizofuata yeye na wenzake wawili walizungumza na wanawake wa steji na kutuletea visa kumi na vinane vya mwaka ule mmoja, kila kimoja na saa yake na mahali pake, bila majina.

Nilijifunza hapo kile ambacho kamati kama hii inaweza kukitoa na kituo cha polisi hakiwezi kukipata peke yake. Polisi wana rekodi ya waliokuja. Kamati inaweza kuwa na habari za wasiokuja. Doria ilisogezwa hadi alfajiri ndani ya wiki tatu. Wenye nyumba zinazopakana na njia waliombwa waweke balbu za nje, na saba kati ya tisa wakakubali. Vijana walipunguza ua wa michongoma hadi kimo cha kifua. Taa yenyewe ilikuwa kazi nyingine: ofisi moja ilitutuma kwa nyingine, ile nyingine ikaturudisha kwa ya kwanza, na katika daftari langu hoja ya mulika mwizi imesogezwa mbele mara kumi na moja kabla ya kuwaka. Ninaamini kwamba bila ile safu ya tarehe tungechoka mara ya nne.

Sasa niseme mabaya, na la kwanza ni zito. Katika mwaka wangu wa pili kijana mmoja wa bodaboda alimweleza mjumbe wetu kuhusu nyumba iliyokuwa ikiuza dawa za kulevya kwa wanafunzi. Mjumbe aliyaleta maneno hayo mkutanoni, mbele ya watu kumi na sita, na akamtaja aliyempa habari ili aaminike. Baada ya siku nne watu wa nyumba ile walimngoja kijana huyo kwenye steji na kumwambia wanajua alichosema. Hakupigwa, lakini aliuza pikipiki yake na kuhama mji. Sijui habari zilivujia wapi, kwa mjumbe au kwa afisa, na sitamtuhumu yeyote. Ninachojua ni kwamba sisi sote kumi na sita tuliyasikia na hakuna aliyesimama kumkatiza msemaji. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi na nikaliandika jina lile. Ukurasa huo niliuchana baadaye, jambo ambalo halikumsaidia kijana yule kwa lolote.

Tangu wakati huo tuliweka kanuni kwamba jina la mtu, awe mshukiwa au mtoa habari, halitamkwi mkutanoni. Mwenye habari juu ya mtu fulani huelekezwa kwa simu ya bure ya idara ya upelelezi, ambako hahitaji kujitambulisha, au kwa afisa mmoja anayemwamini. Ningependa kila anayeombwa kujiunga na kamati aulize kanuni hii kabla ya kukubali. Ikiwa wajumbe wanaelewa kwamba kazi yao ni kuwa masikio ya polisi, basi kamati hiyo ni hatari kwa wao wenyewe na kwa majirani. Mjumbe anapeleka matatizo ya mahali na ya wakati: njia, kichaka, saa, kona, baa inayofungua mbele ya shule, mtaro usio na mfuniko. Kushtaki watu ni kazi ya wapelelezi waliofunzwa na wanaolindwa.

La pili ni kuhamishwa kwa wakuu wa vituo. Katika miaka mitatu tulifanya kazi na watatu. Wa kwanza alikuwa mnyamavu, wa pili alitusaidia sana, na wa tatu alipofika hakukuta hata karatasi moja kuhusu kamati katika ofisi aliyoirithi. Ilibidi nimpelekee daftari nyumbani kwa miguu yangu na kukaa naye saa mbili nikimsomea. Namshukuru kwa saa hizo mbili, lakini uhusiano kati ya jamii na polisi haupaswi kutegemea mwalimu mstaafu mwenye daftari.

La tatu ni vijana. Mwaka wa 2022, wanawake walipouawa mfululizo katika eneo la Mawanga na hofu ikaenea jiji zima, kila mkutano wetu ulizungumzia vijana, na ndani ya chumba kijana alikuwa mmoja tu, naye alikuwa na umri wa miaka thelathini na nne. Misako ilifanywa, na baadhi ya waliokamatwa mtaani kwetu walikuwa wavulana waliokuwa wakitoka kutazama mpira. Wazazi walikuja kwetu wakitaka tuwatoe kituoni, jambo ambalo hatuna mamlaka nalo, na polisi wakataka tuwahakikishie wazazi kwamba msako ulikuwa wa haki, jambo ambalo hatukuwa na uhakika nalo. Tuliongeza viti viwili vya vijana chini ya miaka ishirini na mitano mwaka uliofuata. Swali la kwanza aliloliuliza mmoja wao lilihusu kile kisa cha Nyalenda, Kisumu, cha Agosti 2017, ambapo mtoto mchanga wa miezi sita alifariki baada ya polisi kuvamia nyumba yao wakati wa ghasia za uchaguzi, na ambapo uchunguzi wa mahakama mwaka wa 2019 uliwaona maafisa wa polisi kuwa na lawama. Aliuliza ni kwa nini mtu anayekumbuka hayo akae meza moja na polisi. Mkuu wa kituo, yule wa pili, hakukwepa. Alisema kwamba hana jibu la kulitetea jambo hilo, akamweleza kuhusu mamlaka huru inayochunguza makosa ya polisi na nambari yake ya simu, 1559, na akaomba iandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kanisa. Ipo hadi leo. Naona kwamba mkutano ule mmoja ulijenga imani zaidi ya hotuba zote za mwaka wa kwanza.

Kuhusu wajumbe wenyewe niseme kwa ufupi. Mmoja wetu alianza kukusanya shilingi hamsini kwa wiki kutoka kwa wenye vibanda akiziita ada ya usalama. Tulimwondoa mara tulipothibitisha, na pesa alizozikusanya mwezi ule akazirudisha. Kamati ikikawia katika jambo kama hilo inageuka kundi jingine la kuogopwa, na mtaa wetu ulikuwa na makundi ya kutosha.

Kuna mpaka mwingine ambao naona lazima niueleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu wazee wenzangu wengi hawauoni. Jumapili moja usiku tuliitwa katika nyumba ambamo msichana wa miaka kumi na miwili alikuwa amenajisiwa na mtu anayefahamika. Familia mbili zilikuwa zimekwisha kuketi, na mzee mmoja wa kamati yetu alikuwa tayari ameanza kuzungumzia fidia, akiamini kwa moyo safi kwamba anaokoa amani ya mtaa. Mwenyekiti wetu, ambaye ni mama, aliingia na kusema kwamba hakuna kikao. Alimchukua mtoto na mama yake kwa teksi hadi hospitali usiku uleule, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na ni bora zaidi zikianzwa mapema; akawaonya wasimwogeshe mtoto wala kufua nguo zake; na asubuhi akaenda nao kwenye dawati la jinsia kituoni. Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya mwaka wa 2006 haiachi makosa hayo mikononi mwa wazee. Tuliandika katika kanuni zetu kwamba mjumbe yeyote atakayesimamia kikao cha kulipana fidia kwa kosa la namna hiyo amejiondoa katika kamati, na tukabandika nambari 1195, ya bure, ya kuripoti ukatili wa kijinsia. Mzee yule alikubali kanuni hiyo na kuitetea baadaye mbele ya wengine, na ninamheshimu kwa hilo.

Basi, je, inafaa kujiunga? Kwa mtu anayetaka heshima ya cheo, hapana. Kwa mtu mwenye hasira na mwizi fulani anayemjua, hapana kabisa. Kwa mtu anayeweza kukumbuka jambo kwa miezi kumi na moja bila kugombana na yeyote, na anayeweza kumsikiliza jirani asiyempenda, ndiyo, na naomba ajitokeze katika baraza lijalo. Katika jiji kama letu, ambalo watu wa kabila kadhaa wanaishi lango kwa lango na ambalo wengi tunazikumbuka siku za Januari 2008, wakati nyumba zilipochomwa na majirani wakawindana, hata kule kukutana tu kila mwezi, Mkikuyu, Mkalenjin, Mluo, Mluhya, Mkisii, Mnubi wa Bondeni aliyehamia kwetu, tukigombana kuhusu mitaro, kuna faida yake. Wakati wa uchaguzi wa 2022 ulipozuka uvumi wa usiku kwamba kundi fulani linakuja, kila mjumbe alikuwa na nambari ya simu ya mwenzake wa upande wa pili, akampigia, na kuambiwa kwamba na wao walikuwa wamesikia uvumi uleule kuhusu sisi. Ilipofika saa saba za usiku watu wakaingia ndani kulala.

Kabla ya kukubali, hata hivyo, muulize chifu kamati ilikutana mara ngapi mwaka uliopita na uombe kuona kumbukumbu. Uulize kama mwenyekiti ni mkazi au ni afisa. Uulize ni jambo gani la mwisho lililobadilika kwa sababu ya kamati, na usiridhike na jibu la hotuba. Ukiona hakuna hata mmoja anayeweza kukuonyesha jambo kwa kidole, kichaka kilichofyekwa au saa ya doria iliyobadilishwa, unaweza kuingia, lakini ingia ukiwa na daftari lako.

Langu nimelikabidhi. Katibu mpya ni yule mama muuza mboga, aliyekataa kwanza akisema mwandiko wake si mzuri, kisha akakubali baada ya wanawake wa steji kumjia nyumbani. Ndani yake kuna hoja tisa ambazo hazijapata jibu. Ya kwanza katika mwandiko wake inahusu vyoo vya umma vilivyo karibu na steji, ambavyo hufungwa saa kumi na mbili jioni na kufunguliwa saa mbili asubuhi, hivyo wanawake wa alfajiri hulazimika kuingia gizani nyuma ya vibanda. Katika miaka mitatu hakuna aliyewahi kulileta hilo mkutanoni kama suala la usalama, nami sikulifikiria. Tarehe ya kurejea ameandika Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao.